Klasta katika tafiti za hospitali nyingi za mama na mtoto mchanga, Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanaopanga au kuchambua tafiti za uzazi zinazohusisha zaidi ya hospitali moja: wakunga na madaktari walioko masomoni, maofisa takwimu wa wilaya, na wajumbe wa kamati za maadili wanaosoma maombi. Mifano yenye hesabu ni ya kubuni, isipokuwa pale utafiti unapotajwa kwa jina.

Klasta ni nini, na tabu yake ni ipi?

Watoto 500 waliozaliwa katika hospitali moja wamepokelewa na wakunga wale wale na kupimwa kwa mizani ile ile. Mama zao wamengojea damu kutoka benki ile ile, na umeme ulipokatika usiku, umewakatikia wote waliokuwemo. Wengi wametoka shehia zinazopakana. Kwa hivyo matokeo yao yanafanana kuliko ya watoto 500 waliookotwa huku na huku visiwani. Kundi la namna hiyo ndilo klasta.

Hesabu za kawaida, iwe chi-skweya, jaribio la t au rigresheni, huchukulia kwamba kila mtoto analeta habari mpya. Ukizitumia bila marekebisho, makosa sanifu (kipimo cha kuyumba kwa makadirio) hutoka madogo kuliko yanavyostahili, mipaka ya uhakika (masafa ambamo jibu la kweli linatarajiwa kuwemo) inabana, na thamani ya p inashuka. Makadirio yenyewe, kwa mfano tofauti ya asilimia kati ya makundi mawili, mara nyingi hayapotoki sana. Kinachopotoka ni uhakika wetu juu yake, na hapo ndipo wodi inapobadilishiwa utaratibu kwa ushahidi ambao haukuwepo.

ICC ni nini, na nitaipata wapi?

ICC ni mgawo wa ufanano wa ndani ya klasta: sehemu ya mtawanyiko wote inayotokana na tofauti kati ya hospitali na hospitali. Ikiwa 0, hospitali hazitofautiani. Ikiwa 1, ukimjua mtoto mmoja wa hospitali umewajua wote. Herufi yake katika fomula ni ρ.

Vipimo vya utendaji, kama kumpa mama oksitosini ndani ya dakika moja, kumweka mtoto kifuani, kujaza patografu (chati ya kufuatilia uchungu) au uamuzi wa kupasua, kwa kawaida huwa na ICC kubwa kuliko vipimo vya matokeo kama kifo. Utendaji ni mazoea ya wodi nzima. Kifo ni tukio adimu lenye sababu nyingi za mzazi mwenyewe. Uchambuzi wa data za uchunguzi wa dunia wa WHO wa 2005 kuhusu afya ya uzazi ulionyesha mwelekeo huo huo.

Unaweza kukadiria ICC kutokana na takwimu za hospitali ulizonazo kwenye DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya), hata kama una asilimia tu na idadi ya waliojifungua:

1. Tafuta wastani wa uwiano. Tuseme p = 0.25.
2. Tafuta mchepuko sanifu wa uwiano wa hospitali, kisha uuzidishe kwa wenyewe. Tuseme 0.06, ambayo inakuwa 0.0036.
3. Toa mtawanyiko wa bahati tu, yaani p(1−p) ugawe kwa wastani wa wazazi kwa hospitali. Wakiwa 250: 0.1875 ÷ 250 = 0.00075. Kinabaki 0.00285.
4. Gawa kwa p(1−p): 0.00285 ÷ 0.1875 = 0.015.

Jawabu likitoka chini ya sifuri, chukua kwamba ICC ni ndogo mno kuonekana kwa data hizo, wala usiandike kwamba ni sifuri. Na ukiwa na hospitali sita au saba, usiliamini jawabu moja. Panga kwa viwango vitatu. Kwa vifo jaribu 0.001, 0.005 na 0.01, kwa utendaji jaribu 0.05, 0.1 na 0.2. Utafiti unaosimama kwa kiwango cha chini pekee ni dhaifu, na kamati ina haki ya kuurudisha.

Tahadhari moja: ICC inayotolewa na programu baada ya modeli ya logisti (mtawanyiko wa hospitali ugawiwe kwa jumla yake na 3.29) si sawa na hii ya kwenye mizani ya uwiano. Usiichomeke kwenye fomula zinazofuata hapa chini.

Nina hospitali sita na watoto 3,000. Si wengi hao?

Swali hili ndilo linaloamua hatima ya tafiti nyingi za visiwani, kwa hivyo tulifanye polepole.

Athari ya usanifu, yaani mara ngapi klasta zinaukuza mtawanyiko wa makadirio, ni 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni idadi ya watoto kwa kila hospitali. Ukiwa na watoto 500 kwa hospitali na ρ = 0.02:

1 + (499 × 0.02) = 10.98

Gawa 3,000 kwa 10.98 upate 273. Kwa kulinganisha hospitali na hospitali, watoto wako 3,000 wana uzito wa watoto 273 waliochaguliwa kila mmoja kwa nasibu. Hiyo 273 ndiyo sampuli halisi. Mipaka ya uhakika iliyokokotolewa bila marekebisho inatakiwa ipanuliwe mara 3.3, ambayo ni kipeuo cha pili cha 10.98.

Sasa endelea kukusanya mwaka mwingine, ufikishe watoto 1,000 kwa kila hospitali, jumla 6,000. Athari ya usanifu inapanda hadi 20.98, na 6,000 ÷ 20.98 = 286. Mwaka mzima wa mishahara ya wakusanyaji, nauli za boti na karatasi umekununulia watoto 13. Hata ukikusanya milele hutavuka 300, kwa sababu dari ni idadi ya hospitali ugawe kwa ρ: 6 ÷ 0.02.

Chukua watoto wale wale 3,000 uwatawanye kwenye vituo 30, watoto 100 kila kimoja. Athari ya usanifu ni 2.98, na sampuli halisi ni 1,007. Kwa hivyo swali la kwanza la mpangaji liwe "klasta ngapi?" Idadi ya watoto ifuate baadaye.

Hospitali zangu hazilingani kwa ukubwa. Inabadilisha kitu?

Inabadilisha, na kwetu hazilingani kabisa: Mnazi Mmoja haizalishi sawa na hospitali ya wilaya. Fomula inakuwa 1 + [(1 + cv²)m − 1]ρ, ambapo cv ni mchepuko sanifu wa ukubwa wa hospitali ugawe kwa wastani wake. Tuseme hospitali sita zina watoto 1,300, 600, 400, 300, 250 na 150. Wastani ni 500, mchepuko sanifu ni 384, cv ni 0.77. Kwa ρ = 0.02 athari ya usanifu inafika 16.88, na sampuli halisi inashuka kutoka 273 hadi 178.

Njia rahisi ya kujikinga ni kuweka kikomo: hospitali kubwa iandikishe kwa siku zilizochaguliwa kwa nasibu, au kila mzazi wa tatu, badala ya wote. Usichague saa za mchana tu kwa sababu mkusanyaji yupo. Wanaojifungua usiku hukutana na wodi nyingine kabisa.

Hospitali ni chache visiwani. Tufanye nini basi?

Ukihesabu hospitali za Pemba zenye wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji, kutoka Micheweni hadi Abdulla Mzee kule Mkoani, vidole vinatosha. Hospitali za wilaya zilizofunguliwa miaka ya karibuni zimesaidia, lakini bado idadi ni ndogo. Kuna njia nne, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kushusha klasta hadi vituo vya afya. Utafiti wa Wired Mothers, uliofanywa Zanzibar 2009 hadi 2010 kupima ujumbe wa simu kwa wajawazito, uligawa kwa kura vituo 24 vya wilaya sita na kuandikisha wanawake 2,550, wastani wa 106 kwa kituo. Kwa ρ = 0.02 hiyo ni athari ya usanifu ya 3.1, mzigo unaobebeka. Njia hii inafaa pale huduma inapotolewa kliniki. Huduma ya chumba cha upasuaji huwezi kuipima kituoni.

Ya pili ni kupiga kura kwa mzazi mmoja mmoja ndani ya kila hospitali. Ya tatu ni usanifu wa ngazi. Zote mbili zina swali lake hapa chini.

Ya nne ni kukubali kwamba utafiti ni wa maelezo au wa kabla na baada, na kuuandika hivyo. Utafiti wa PartoMa, uliopima miongozo ya kuwahudumia wenye uchungu pale Mnazi Mmoja, ulikuwa wa kabla na baada katika hospitali moja, na uliripoti waliozaliwa wafu kupungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila 1,000. Baadaye miongozo hiyo ilipelekwa kupimwa katika hospitali tano za Dar es Salaam kwa usanifu wa ngazi. Huo ni mpangilio wa kuheshimika: hospitali moja kwa kina, kisha nyingi kwa kura.

Kisichofaa ni kulinganisha hospitali moja yenye huduma na moja isiyo nayo. Hapo tofauti ya huduma na tofauti ya hospitali ni kitu kimoja, na hakuna fomula inayoweza kuzitenganisha.

Idadi ndogo kabisa ya hospitali kwa kura ni ngapi?

Hesabu njia za kugawa. Hospitali sita, tatu kwa tatu, zina njia 20. Hata matokeo yakiwa mazuri kupita kiasi, p ndogo kabisa ya pande mbili ni 2/20, yaani 0.10. Utafiti huo hauwezi kufika 0.05 kwa jaribio la kupanga upya kura (kulinganisha tofauti uliyoipata na zile ambazo kila mgawanyo mwingine ungetoa), afanye mtu atakavyo. Hospitali nane zina njia 70, p ndogo kabisa ni 0.029. Kumi zina njia 252, ni 0.008. Kwa hivyo nne kwa nne ndiyo sakafu, na hapo hospitali moja ikijitoa umekwisha. Panga kumi ikiwezekana.

Kwa klasta chache kura ya kawaida inaweza kuziangusha hospitali zote kubwa upande mmoja, au Pemba yote upande mmoja. Tumia kura yenye masharti: andika njia zote 70, bakisha zile ambazo zinalingana kwa kisiwa, idadi ya wazazi na asilimia ya upasuaji, kisha chagua moja kwa nasibu mbele ya mashahidi. Usibane mno. Ukibakisha njia 20, p ndogo kabisa inarudi 0.10.

Nionyesheni uchambuzi wa klasta chache.

Hospitali nane, watoto 250 kila moja. Kipimo ni watoto wenye joto chini ya 36.5 °C saa moja baada ya kuzaliwa. Upande wa huduma: asilimia 15, 18, 22 na 25. Upande wa kawaida: 26, 27, 30 na 37.

Wastani ni 20 na 30, tofauti ni 10. Sasa kila hospitali ni namba moja, na namba ziko nane. Jumla ya miraba ya michepuko ni 58 upande mmoja na 74 wa pili. Gawa 132 kwa digrii huru 6 (namba nane kutoa pande mbili) upate 22. Kosa sanifu ni kipeuo cha 22 × (1/4 + 1/4), yaani 3.32. Thamani ya t kwa digrii huru 6 ni 2.447. Mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ni 10 ± 8.1, yaani kutoka 1.9 hadi 18.1.

Aliyesahau klasta angechukua watoto 1,000 kwa 1,000 na kupata 6.2 hadi 13.8. Kadirio ni lile lile, lakini angemwahidi daktari dhamana wa wilaya punguzo la asilimia 6 au zaidi, wakati data inakubali hata 2.

Kwa kupanga upya kura, hakuna mgawanyo mwingine kati ya 70 unaofikia tofauti ya 10 isipokuwa huu na kinyume chake: p = 2/70 = 0.029. Kwa klasta chini ya 15 hivi kila upande, uchambuzi huu mwepesi wa kiwango cha klasta ndio tunaoupendekeza uwe wa kwanza. Unafanyika kwenye Excel, na kila mtu mkutanini anaweza kuufuata.

Na modeli kubwa, zinafaa lini?

Modeli ya athari nasibu (`mixed` na `melogit` katika Stata, `lme4` katika R) na mbinu ya GEE (milinganyo ya makadirio inayozingatia ufanano wa ndani ya klasta) zinahitaji klasta nyingi. GEE yenye makosa sanifu ya kawaida hudanganya klasta zikiwa chini ya 40 hivi: hutoa makosa madogo mno. Zikiwa chache, weka marekebisho ya Kenward-Roger au Satterthwaite kwa matokeo ya namba, na ya Mancl na DeRouen au Fay na Graubard kwa GEE. Tumia mgawanyo wa t badala ya 1.96. Kwa hospitali kumi, digrii huru ni 8 na kizidishi ni 2.306.

Kosa linalojirudia: kuweka hospitali kama vigezo vya kudumu huku huduma yenyewe imegawiwa kwa hospitali. Programu itakiondoa kigezo kimoja kimya kimya, na namba itakayobaki haina maana.

Mama aandikwe klasta ipi, alikohudhuria kliniki au alikojifungua?

Amua kabla ya kuanza, uiandike kwenye itifaki. Kwetu jambo hili ni zito. Mwenye mimba ya kwanza mara nyingi huenda kujifungulia kwao na kukaa huko hadi arobaini. Anaweza kuwa kahudhuria kliniki Konde, akajifungua Wete, mtoto akaletwa Unguja, na arobaini ikamkuta Mkoani.

Fomu iwe na safu nne: klasta aliyogawiwa kwa kura, mahali alipojifungua, mahali tokeo lilipotokea, na shehia atakayokaa siku 28 za mwanzo. Uchambuzi mkuu ufuate klasta ya kura, hata kama mama aliishia kwengine. Ikiwa kura ni ya hospitali, hesabu hospitali ya kwanza aliyopokelewa akiwa na uchungu, kabla ya rufaa. Ukimhamishia mtoto aliyekufa kwenye hospitali iliyompokea, hospitali iliyochelewesha rufaa itaonekana safi.

Kwa ufuatiliaji chukua namba ya simu ya bibi pia. Mtoto aliyepotea kwenye ufuatiliaji hapotei kwa nasibu: wanaohama na waliofiwa ndio wanaokosekana zaidi.

Wakunga wakihamishwa kati ya hospitali?

Mkunga aliyefunzwa upande wa huduma akihamia upande wa kawaida anahama na ujuzi wake, na tofauti inapungua. Huwezi kuzuia uhamisho wa watumishi wala si haki kumzuia mtu. Weka rejesta ya tarehe za kuhama, na uripoti idadi. Ukitarajia uhamisho mwingi, chagua usanifu wa ngazi au panga athari ndogo zaidi unapokokotoa sampuli.

Usanifu wa ngazi unafanyaje kazi?

Hospitali zote huanza bila huduma, kisha huingia kwa zamu iliyopangwa kwa kura hadi zote ziwe nayo. Kila hospitali inalinganishwa na yenyewe, kwa hivyo tofauti za kudumu za hospitali hazisumbui sana. Wakuu wa hospitali huupenda kwa sababu hakuna anayekosa.

Hatari yake ni wakati. Vipindi vya mwisho vina huduma zaidi, na pia vina kila kitu kilichobadilika mwaka huo: masika ya Machi hadi Mei na barabara zake, msimu wa karafuu Pemba, madaktari wapya wa mafunzo, wodi iliyohamishiwa jengo jipya. Kipindi lazima kiingie kwenye modeli kama kigezo. Bila hicho utakuwa unapima kalenda. Acha pia kipindi cha mpito, wiki nne kwa mfano, ambacho watoto wake hawahesabiwi upande wowote, kwa kuwa mafunzo hayaingii wodini siku yalipofanyika.

Kura yangu ni ya mzazi mmoja mmoja ndani ya hospitali. Niongeze sampuli?

Hapana. Hapa kila hospitali ina wazazi wa pande zote mbili, tofauti ya hospitali inajifuta yenyewe, na usahihi unaweza hata kuongezeka. Gawa kura kwa tabaka la hospitali na uiweke hospitali kwenye uchambuzi. Wapo wanaozidisha sampuli kwa athari ya usanifu bila sababu na kuwaweka wazazi mamia kwenye utafiti usiowahitaji.

Mapacha?

Ni klasta ndogo ndani ya klasta. Wape namba ya mama na namba ya mtoto. Kwa utafiti wa watoto wa kawaida ni wachache, athari ni ndogo. Kwa utafiti wa njiti, ambamo mapacha ni wengi, lazima washughulikiwe, na kwenye kura wawekwe upande mmoja, maana mama hatatofautisha huduma kati ya wanawe. Kumbuka pia mama anayejifungua mara mbili ndani ya utafiti wa miaka mitatu.

Hospitali ya rufaa ina vifo vingi, ya wilaya haina hata kimoja. Ipi bora?

Kwa namba hizo pekee huwezi kusema. Hospitali ya rufaa hupokea kifafa cha mimba, waliotoka damu nyingi, njiti wa gramu 900. Linganisha baada ya kurekebisha uzito, umri wa mimba na kama mama alikuja kwa rufaa, na uangalie kwanza kikundi cha waliofika wenyewe, mimba ya mtoto mmoja, miezi imetimia, kichwa kimetangulia.

Na sifuri haimaanishi hakuna hatari. Hospitali iliyozalisha 60 bila kifo ina kikomo cha juu cha takriban 3 ÷ 60, yaani 50 kwa kila 1,000. Usiipe zawadi, wala usiiadhibu jirani yake yenye vifo viwili.

Mkurugenzi akiruhusu, ridhaa ya mama bado inahitajika?

Ruhusa ya mkurugenzi ni ruhusa ya kuingia hospitalini. Haiwi ridhaa kwa niaba ya mama. Tamko la Ottawa la 2012, kuhusu maadili ya tafiti za klasta, linatenganisha mambo hayo mawili. Kama data za mama zitakusanywa, au anaguswa na huduma moja kwa moja, aulizwe; kuachilia ridhaa kunahitaji hoja mbele ya kamati ya maadili, ambayo kwa Zanzibar inapitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Mama mwenye uchungu mkali si wakati wake kusaini. Ridhaa ya kliniki, miezi ya mwisho, ni bora.

Ripoti iwe na nini?

Mwongozo wa CONSORT (wa kuripoti majaribio ya kura) kwa tafiti za klasta (2012), na ule wa usanifu wa ngazi (2018), unataka haya yaonekane wazi: klasta zilikuwa ngapi na zilichaguliwaje, ukubwa wa kila moja, ICC iliyopangwa na ICC iliyopatikana, mbinu ya uchambuzi, na klasta zilizojitoa. ICC iliyopatikana, pamoja na mipaka yake ya uhakika, wengi huiacha. Iandikeni hata kama utafiti haukuonyesha tofauti yoyote, kwa kila tokeo mlilopima. Atakayepanga utafiti ujao Wete au Kivunge anaihitaji.